Mbwa mkubwa kwanza apate pa kushukia: kuokoa na kuhamisha mbwa wakubwa kupitia walezi wa muda

Simu za kuomba mbwa mkubwa achukuliwe Nairobi haziishi. Familia inahamia ghorofani na mwenye nyumba hataki mbwa, mgeni mkataba wake umeisha anarudi kwao, kampuni ya ulinzi inataka kuondoa mbwa waliozeeka, au wapangaji wamehama Kitengela wakaacha Rottweiler amefungwa mnyororo nyuma ya nyumba. Mbwa mdogo unaweza kumsitiri jikoni siku mbili huku ukipiga simu. Mwenye kilo 45 hasitiriki. Kwa hiyo kazi hii huanzia mwisho: tafuta kwanza mlezi wa muda, yaani mtu wa kukaa na mbwa hadi apate nyumba ya kudumu, ndipo ukamchukue mbwa. Wanaoanza na mbwa huishia kuwarundika wanne katika boma moja, wakapigana, na majeraha yakala pesa zote za chakula.

Kanuni inayofaa ni mbwa mkubwa mmoja kwa kila mlezi. Wawili waruhusiwe tu ikiwa wamelelewa pamoja tangu zamani, au mlezi ana vibanda viwili vyenye milango mbalimbali.

Kumkagua mlezi na boma lake

Nenda mwenyewe, mchana, uzunguke ua wote kwa miguu. German Shepherd mzima huruka ukuta wa mita 1.5 bila shida, basi tafuta ukuta au wavu wa mita 1.8 kwenda juu. Ua wa kei-apple unaonekana mnene kwa juu, lakini chini kwenye mashina mara nyingi kuna mianya, inama uone. Pima nafasi iliyo chini ya geti. Angalia mfuniko wa shimo la maji taka, sumu ya panya stoo, dawa ya kuogeshea ng'ombe, na maji ya rejeta yaliyomwagika gereji, maana yana utamu unaovutia mbwa na huua figo. Uliza pia kama jirani anafuga kuku wanaovuka ua. Kuku mmoja akiuawa, mtaa mzima utataka mbwa aondoke.

Kinachosahaulika zaidi ni watu. Mlezi anaondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku, na anayebaki na mbwa ni dada wa kazi, askari wa geti na kijana wa shamba. Zungumza na kila mmoja wao bila mwajiri kusimama karibu, ukimwuliza kama anaogopa mbwa na kama yuko tayari kumpa maji. Mtu aliyelazimishwa humrushia mbwa chakula kwa mbali au humpiga na ufagio, na kufika wiki ya pili mbwa anamwinda. Kama mfanyakazi ni Mwislamu, jambo la mate ya mbwa ni la dini wala si woga. Panga mapema nani atagusa bakuli, mbwa akae sehemu ambayo mtu huyo hapiti akienda kuswali, au tafuta nyumba nyingine. Pwani, Mombasa au Tanga, swali hili liwe la kwanza kabisa.

Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano usiipelekee mbwa wa kilo 50 usiyemjua. Hata kama ni mpole, mkia na bega lake vinatosha kumwangusha mtoto kwenye sementi.

Mahali pa kulala: kibanda cha mita 3 kwa 2, kilichoezekwa, chenye jukwaa la mbao lililoinuliwa sentimita 10 hadi 15 kutoka chini. Mbwa mzito akilala kwenye sementi tupu huota sugu viwikoni, zikapasuka na kuoza. Paleti mbili na gunia lililojazwa nyasi kavu zinatosha. Limuru na Ngong mwezi wa Julai ongeza blanketi. Geti likiwa linafunguka moja kwa moja barabarani, weka wavu na mlango wa pili ndani, hatua tatu nyuma yake. Mbwa wengi wanaopotea katika kazi hii hupotelea getini, katika siku za mwanzo, wakati gari linaingia.

Mkataba na mlezi uandikwe hata kama ni rafiki yako. Useme mbwa ni wa nani, nani analipa chakula na daktari, mlezi haruhusiwi kumgawa wala kumzalisha, na akichoka anakupa notisi ya siku ngapi. Saba ni za haki. Nawe uwe na mlezi mmoja wa akiba asiye na mbwa, kwa ajili ya notisi inayokuja saa nne usiku.

Kuhusu gharama, mbwa wa kilo 35 mwenye afya hula karibu gramu 400 za chakula kikavu kwa siku, yaani mfuko wa kilo 15 humfikisha zaidi kidogo ya mwezi. Atakunywa lita mbili hivi, na zaidi kukiwa na joto. Dawa nyingi hutolewa kwa uzito. Kidonge cha kupe cha mbwa wa kilo 20 hadi 40 si kile cha kilo 40 hadi 56, wala bei si moja. Kama daktari hana mizani ya sakafuni, nenda duka la pembejeo, umsimamishe mbwa kwenye mizani ya magunia.

Kumchukua kwa mwenye mbwa

Usiondoke na mbwa bila karatasi. Mwenye mbwa aandike kwamba ameachia umiliki, atie sahihi na nambari ya kitambulisho, akupe kadi ya chanjo. Boerboel au Shepherd wa ukoo ana bei sokoni, na bila karatasi hiyo mtu anaweza kurudi baada ya mwezi akidai umemwibia.

Maswali ya "ni mpole?" hayasaidii, jibu ni ndiyo siku zote. Uliza mambo yaliyotokea. Nani humlisha? Huyo akisafiri, nani humlisha? Fundi wa maji akija, mbwa hufungiwa wapi? Ameshawahi kumrarua mtu nguo? Ameishi na paka? Mara ya mwisho kupanda gari ni lini? Kisha kaa dakika ishirini uone askari anavyopita mbele yake. Askari akizunguka mbali akijibana ukutani, umeshapata jibu ambalo mwenye nyumba hakukupa.

Mbwa aliyeachwa na njaa kwenye boma la mtu usimrukie ukuta. Kenya kuna sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360; Tanzania kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Piga picha kutoka nje, andika tarehe, peleka polisi au kwa shirika la kutetea wanyama. Kwa Nairobi ni KSPCA. Ukimtoa mwenyewe usiku, kesi itageuka kuwa yako.

Usafiri: asile chochote kwa muda wa saa nne hadi sita kabla ya safari. Mvalishe kola iliyokaza kiasi cha kupitisha vidole viwili, na juu yake kamba ya kitanzi inayojikaza, zote mbili mkononi. Mbwa mwenye woga hurudi kinyumenyume na kola moja hutoka kichwani kama kofia. Kifunga mdomo kiwe cha wavu, kinachomruhusu kuhema na kunywa. Kile cha kitambaa kinachobana taya ni cha dakika chache kwa daktari tu. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na akifungwa hivyo ndani ya gari kwenye foleni ya Mombasa Road anaweza kufa kwa joto. Probox yenye viti vya nyuma vilivyolazwa inafaa sana. Pikapu ya wazi haifai, hata akifungwa: akiruka, kamba humnyonga ubavuni mwa gari. Mkifika, geti lifungwe kwanza ndipo mlango wa gari ufunguliwe. Mwambie askari hivyo kabla hujafika.

Kwa daktari kabla ya kwa mlezi

Pitia kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa siku hiyo hiyo. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima, kadi iwepo isiwepo, na ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi, pia. Ila ujue kwamba kama mbwa ameshaambukizwa kichaa kabla, chanjo ya leo haimwokoi, na ugonjwa unaweza kujificha wiki hadi miezi. Kwa hiyo akimuuma au kumkwaruza mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mtu aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza sindano, na mbwa afungiwe aangaliwe siku 10. Walezi wanaopokea mbwa mmoja baada ya mwingine afadhali wachanjwe mapema.

Kupe ndio tatizo kubwa la ukanda huu. Ufizi mweupe, homa, damu puani au madoa mekundu tumboni ni dalili za ehrlichia, ugonjwa unaoletwa na kupe, na German Shepherd huugua vibaya kuliko aina nyingi. Mkojo wa rangi ya chai nzito huelekeza kwenye babesia, ugonjwa mwingine wa kupe. Omba kipimo cha damu hata kama mbwa anaonekana mzima. Dawa ya ehrlichia huchukua siku 28. Kosa la kawaida ni kuacha siku ya kumi kwa sababu mbwa amechangamka.

Usikubali adungwe dawa ya ng'ombe ya minyoo na kupe kwa kukadiria. Ivermectin ya mifugo ni nzito sana, tone la ziada ni kipimo kingine kabisa, na wapo mbwa, hasa jamii ya Collie na baadhi ya Shepherd, ambao kwa kurithi ubongo wao hauna kinga dhidi yake. Huyumba, hupofuka, huanguka na kuzimia. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo huwa inachanganywa kwa kifuniko cha chupa "kama kawaida", na mbwa anailamba kabla haijakauka.

Dume au jike anayetonesha damu sehemu za siri achunguzwe uvimbe wa kuambukizana unaofanana na koliflawa. Unatibika vizuri kwa vincristine, sindano moja kwa wiki, mara nne hadi sita. Katika muda huo anayesafisha mkojo na kinyesi avae glavu. Mtazame pia akisimama kutoka kulala. Akijivuta kwa miguu ya mbele, au akikimbia kwa kurusha miguu ya nyuma pamoja, apigwe picha ya nyonga kabla hujamwahidi mtu yeyote mbwa wa kukimbia naye.

Kama mlezi ana mbwa wake, mgeni atengwe siku 14, na bakuli zisichanganywe.

Kulisha aliyekonda

Hapa ndipo wema huua. Mbwa aliyekaa na njaa wiki kadhaa akipewa sufuria ya ugali usiku wa kwanza, mwili unapokea wanga kwa ghafla, chumvichumvi za fosforasi na potasiamu zinashuka kwenye damu, na moyo unaweza kusimama siku ya tatu au ya nne, watu wakidhani ameshapona. Mbwa wa kilo 30 akipumzika tu huhitaji karibu kalori 900 kwa siku, sawa na gramu 250 za chakula kikavu. Anza na robo ya hiyo: gramu 60 siku ya kwanza na ya pili, zigawanywe mara nne hadi sita. Siku ya tatu na ya nne gramu 125. Ya tano na ya sita 190. Ya saba 250. Baada ya hapo panda polepole, kwa mara tatu za kula kwa siku, hadi mbavu zipotee machoni lakini zishikike kwa vidole. Akiharisha maji, kuvimba miguu au kulegea, rudi kwa daktari badala ya kuongeza chakula.

Kama ni chakula cha jikoni, wiki hiyo ya kwanza kiwe zaidi nyama, mapafu ya kuchemsha, mayai au omena, na ugali kijiko tu. Omena waoshwe mchanga. Kitunguu na vitunguu saumu visiingie kabisa, kwa hiyo mabaki ya mchuzi hapana. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, nayo hapana.

Mbwa wa kifua kirefu, yaani Great Dane, Shepherd, Rottweiler, Boerboel, wana hatari ya tumbo kujaa gesi na kujipinda. Hawali mara moja kwa siku, hawakimbizwi kabla wala baada ya kula kwa saa nzima. Mlezi azijue dalili kwa moyo: tumbo limekaza kama ngoma, anajaribu kutapika na hakitoki kitu ila povu, hatulii, anageuka kutazama ubavu. Hakuna kusubiri asubuhi wala kumpa soda ya magadi. Ni upasuaji, na saa zinahesabika. Namba ya kliniki inayofungua usiku ibandikwe mlangoni siku mbwa anapofika.

Siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu

Siku tatu za kwanza haogeshwi, haitiwi majirani waje kumwona, hatembezwi barabarani. Mtu mmoja amlishe, saa zile zile. Atalala sana au hatalala kabisa. Aliyefugwa kwa mnyororo mchana na kufunguliwa usiku atabweka usiku kucha na kusinzia mchana, maana ndivyo alivyofunzwa. Waonye majirani mapema.

Kuna jambo walezi hawaamini mpaka liwafike. Mbwa wa wiki ya kwanza si huyo utakayekaa naye. Alikuwa amejikunja kwa woga. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu, akishajua hapa ndipo kwake, ataanza kunguruma kwenye bakuli, kuziba geti, kumchagua mtu mmoja na kuwakataa wengine. Simu nyingi za "mje mumchukue" huja wakati huo. Mwambie mlezi tangu mwanzo kwamba tabia hizo zitakuja, na nini cha kufanya: bakuli liwekwe ndani ya kibanda na mlango ufungwe hadi amalize, asinyang'anywe mfupa kwa mkono, abadilishiwe kwa kipande cha nyama kilichorushwa pembeni. Wala asipigwe kwa kunguruma. Kunguruma ni onyo. Ukilifuta, unabaki na mbwa anayeuma bila kutoa sauti.

Kumkutanisha na mbwa wa nyumbani kufanyike nje ya boma, baada ya siku za kutengwa. Watu wawili, kamba mbili zilizolegea, watembee upande mmoja wa barabara wakiwa mita 10 kati yao, kisha 5, kisha 2, kwa siku mbili au tatu. Waingie getini pamoja, mwenyeji asiwe ndani akimngoja mgeni. Bakuli na mifupa viwe vimeondolewa. Ugomvi wa mbwa wakubwa usitenganishwe kwa kushika kola. Ndoo ya maji, au mfuniko wa pipa uliosukumwa katikati yao.

Kila Jumapili mlezi atume picha ya mbwa amesimama ubavu, uzito kama umepimwa, na taarifa ya alivyofanya mbele ya bodaboda, mtoto, kuku, paka, radi na mgeni getini. Mistari hiyo michache ndiyo itakayomtafutia nyumba.

Kumpa nyumba ya kudumu

Tangazo liseme ukweli wote, ubaya ukiwemo. "Hapendi paka, hawezi kuishi na kuku, anavuta kamba" huondoa simu thelathini zisizo na maana. Wengi wanaobaki watasema wanataka mbwa mkali wa kulinda. Usiwakate hapo hapo. Uliza mbwa atakaa wapi mchana. Akijibu "kwenye kibanda, tunamfungulia usiku", umemtoa mbwa mnyororoni ili arudi mnyororoni. Mbwa mkubwa anayeishi na watu wake hulinda bila kufundishwa ukali, na sauti yake tu inatosha.

Uliza mbwa wa mwisho aliyekuwa nao alikufaje. Mpangaji alete barua ya mwenye nyumba. Nenda nyumbani kwake kwa ukaguzi ule ule wa mlezi, wafanyakazi wakiwemo. Tena mwombaji anayetaka kujua kwanza kama jike ana karatasi za ukoo na alizaa lini mara ya mwisho, huyo anatafuta mtambo wa kuzalisha. Ndiyo sababu mbwa asitoke kwa mlezi kabla ya dume kuhasiwa na jike kufungwa kizazi. Kwa wale wa maumbo makubwa sana ambao bado wanakua, madaktari wengi hupendelea kungoja miezi 12 hadi 18. Basi huyo abaki kwa mlezi, au aende kwa mkataba wenye tarehe ya upasuaji na amana inayorudishwa ukishafanyika. Kabla ya kutoka awekwe chipu ya utambulisho chini ya ngozi, nambari yake iandikwe kwenye kadi na kwenye mkataba.

Wiki mbili za kwanza ziwe za majaribio, na mkataba useme kwamba wakati wowote, hata baada ya miaka mitano, mbwa anarudi kwako, hapewi mwingine. Piga simu siku ya tatu, wiki ya tatu, mwezi wa tatu. Mlezi akitaka kumbakisha mwenyewe ni vizuri, ila apite maswali yale yale, nawe uhesabu kwamba umepoteza nafasi moja.

Wapo wasiopaswa kuhamishwa. Mbwa wa kilo 50 aliyemng'ata mtu vibaya bila kuchokozwa, zaidi ya mara moja, hatafutiwi nyumba kwa kuficha historia. Kaeni wawili, wewe na daktari, mfikie uamuzi wa kumlaza usingizi wa milele, muandike sababu. Ni uzito mkubwa, lakini kumpeleka kwa familia isiyojua ni kuhamisha jeraha tu.

Akirudishwa, asipelekwe kwa mwombaji aliyefuata kwenye orodha. Arudi kwa mlezi wake wa kwanza ikiwezekana, apimwe uzito na kupe upya, apewe siku tatu zake za kimya kama mgeni, na sababu ya kurudishwa iandikwe kwa maneno ya waliomrudisha, si kwa maneno yako.